Chungu Nisichoruhusiwa Kuonja

Jumatatu, 6 Mei

Moto umewaka mapema. Maharagwe gorogoro nne, mifupa kilo kumi. Foleni ya malori ya kuingia Uganda imefika kanisani. Foleni ndefu ni sahani nyingi, sina neno nayo. Kufikia saa nne sufuria ya kwanza ilikuwa imeisha.

Halafu Nabwire akashuka kwa boda na mama yake. Nilimwona mke wangu, nikaona leso ya kijani nyuma yake, nikageuka nikaangalia ukuta. Mtu hamkodolei mama mkwe macho. Walipita nyuma yangu. Viatu vya Nabwire nilivisikia. Vya yule mwingine sikusikia. Alikuwa miguu mitupu.

Mto Nzoia umevunja tuta tena. Budalang'i ni maji matupu, nyumba yao imebaki paa. Mama alitolewa kwa mtumbwi, akateleza akishuka, mkono wa kulia ukavunjika. Amefungwa plasta. Ana miaka sabini na kitu. Nabwire anasema hakulia, hata mfupa ukirudishwa mahali pake.

Hawezi kulala kwangu. Mama mkwe halali kwa mkwe, hali naye, hawaangaliani usoni, hawasemezani. Kwao Budalang'i ni hivyo, kwetu Amukura ni hivyo. Hilo ndilo jambo moja ambalo ukoo wake na wangu hawajawahi kubishania. Tumempatia chumba kwa jirani, Mama Amoit. Chumba kinapakana na jiko la hoteli yangu. Katikati ni mabati tu.

Kwa hivyo mama aliyesema binti yake hataolewa na tanboi, msaidizi wa dereva wa lori anayelala chini ya trela, leo analala karibu na sufuria za huyo tanboi. Nimeandika hivyo kwa sababu nimefurahi kidogo.

Kidogo tu.

Jumanne, 7 Mei

Nabwire amerudi Budalang'i, kwenye kambi ya waliohamishwa na mafuriko. Dada yake ana mimba ya mwisho mwisho, atajifungulia kwenye hema. Kaka yao yuko Mombasa na simu yake haishiki. Nimepiga hesabu ya nani abaki na mama. Nimeipiga kutoka juu na kutoka chini. Jibu ni mimi.

Mama Amoit alimpelekea ugali na omena asubuhi. Amekula matonge mawili. Mchana chai, nusu kikombe. Jioni hakuna.

Sina kinyongo na mtu asiye na njaa. Lakini nitaandika hili mahali ambapo hakuna atakayesoma: fahali wa mazishi ya mzee wake, baba yake Nabwire, nilimleta mimi. Mwenyewe, kwa pikapu, kutoka Amukura. Niliketishwa kwenye hema la wakwe, mbali kule, nikapewa wali na soda, na kabla jua halijashuka tukaambiwa asanteni. Hivyo ndivyo wakwe hufanyiwa, najua. Kujua hakuondoi uchungu.

Jumatano, 8 Mei

Leo ameongea. Si na mimi. Na kuku.

Mama Amoit ana kuku mmoja mwekundu anayepita chini ya mabati, huku na kule, hana mpaka. Nilikuwa nimechochea moto chini ya maharagwe, madereva walikuwa wanapiga honi ya njaa. Nikasikia sauti upande wa pili, kavu, ya polepole.

"Kuku, hebu niulizie. Haya maharagwe yanapikwa au yanafukuzwa?"

Niliacha mwiko.

"Maana nasikia yanakimbia. Na mifupa inalia. Mfupa haupigiwi kelele, kuku. Mfupa unabembelezwa."

Nimeendesha hoteli hii tangu ikiwa jiko moja na sufuria ya kuazima. Nimelisha Wakongo, Warundi, Wasomali. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamwambia kuku, kwa sauti ya kutosha, kwamba hapa Malaba watu wana haraka na lori halibembelezwi.

Sauti ikarudi: "Kuku, mwenye jiko ana mdomo. Nilijua tangu zamani."

Nimekasirika mchana kutwa. Ila nilipunguza moto.

Bado hali. Mama Amoit alimpeleka kliniki kwa boda, wakamwekea dripu, wakasema mkono uko sawa, moyo uko sawa, ale. Kana kwamba hatujamwambia.

Alhamisi, 9 Mei

Sasa najua sababu.

Mama Amoit alilala naye chumbani akamtoa maneno. Si nyumba. Si mbuzi. Maji yamefunika kaburi la mzee. Mtumbwi ulipita juu yake. Alilijua kwa msalaba wa saruji, ncha yake ilikuwa inatoka majini kama mkono wa mtu anayeuliza swali. Alipita juu ya mume wake kwa mtumbwi. Tangu hapo tumbo limefunga.

Kumbe kuna maji yanayoweza kufunika hata waliokwisha kufa.

Mama Amoit alimuuliza kama kuna chochote anachoweza kula. Akasema kimoja: ile supu ya siku baada ya mazishi. Kwao watu wakishaondoka, mifupa ya fahali inayobaki hutundikwa kwenye moshi siku nzima. Kesho yake hupikwa na maharagwe, taratibu, kwenye chungu, kuanzia alfajiri. Ni wale wa nyumba tu wanaokula. Baada ya hiyo supu, mjane anaruhusiwa kucheka.

Naikumbuka. Sikuila. Asubuhi ile nilirudi kuchukua pikapu iliyokwama kwenye matope, na harufu ikanipata barabarani. Nilisimama na nyororo mkononi. Sijawahi kusahau harufu hiyo na sijawahi kumwambia mtu.

Sasa nani apike. Mama Amoit anauza mitumba sokoni kutwa, hawezi kukaa na chungu. Mjane ana mkono mmoja. Mtu pekee mwenye moto usiozimika ni mimi, na mimi ndiye mtu ambaye chakula chake hakiliki na mama mkwe.

Mama Amoit akaenda kumuuliza, akarudi na hukumu.

"Anasema chungu kiwe kipya, kisichowahi kupikia mtu wa nyumba yako. Mimi ndiye nipakue na nibebe. Na wewe usionje, Baba Faith. Hata tone. Ukionja, mmekula chungu kimoja. Usipoonja, ni moto tu umepika."

"Nitajuaje chumvi?"

"Hiyo ni shida yako na moto."

Mimi napika kwa ulimi. Sina kipimo kingine. Mtu akiniambia nipike bila kuonja ni kama kuniambia nivuke barabara ya malori nimefumba macho.

Nimekubali.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefika Amukura na kurudi kwa ajili ya chungu. Nimenunua chenye mdomo mpana, cha lita nane. Nimekijaza maji na kuchemsha ndani yake uji mwembamba wa mtama ili vitundu vyake vizibe, nikaumwaga bila kuutia mdomoni.

Ekisa wa bucha amenipa mifupa iliyobaki kwenye ndoano baada ya nyama kuisha: paja, goti, vipande vya mkia. Alipojua ni ya nani aliweka kisu chini acheke vizuri.

"Mkwe anampikia mama mkwe. Subiri nimpigie mke wangu simu."

"Moto ndio unapika."

"Na huo moto una leseni ya kaunti?"

Nimemwacha akicheka. Mifupa nimeitundika juu ya jiko la hoteli, kwenye waya. Imekula moshi kutwa. Kufikia jioni ilikuwa na rangi ya ngozi ya mbuzi na mafuta yalikuwa yameanza kung'aa. Maharagwe nimechambua kilo moja na nusu, rosekoko, nimeyaloweka. Mama Amoit amechoma maganda makavu ya maharagwe na kuchuja maji ya majivu yake, ile munyu ya kulainishia.

Leo hata kuku hakusemeshwa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeharibu.

Nitaandika kwa mpangilio. Mafiga matatu nje ya jiko, karibu na mabati. Makaa, si miali. Mifupa ndani ya maji baridi, moto mdogo. Povu likipanda nalitoa. Maharagwe baada ya mafuta kuanza kuogelea. Maji yakipungua naongeza ya moto, si ya baridi. Munyu kikombe kidogo cha kahawa. Kitunguu kimoja. Hakuna nyanya, hakuna viungo vya paketi.

Kufikia adhuhuri nilikuwa sijui tena ninachofanya. Namaanisha nilikuwa naangalia tu. Maji yalikuwa maji, halafu hayakuwa tena. Yaligeuka kahawia, yakawa mazito, yakang'aa. Mafuta ya ndani ya mfupa yalitoka yenyewe, bila kugongwa, yakasambaa juu kama jua kwenye bwawa. Mimi ni mtu wa kupika haraka. Miaka yote hii nimekuwa na vitu hivi hivi viwili, mfupa na haragwe, na sikujua vina hili ndani yao. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia kanisa kubwa.

Alasiri nikatia chumvi. Kijiko na nusu. Nikakoroga, nikagonga mwiko kwenye kiganja, na nikalamba.

Mkono ulifanya wenyewe. Mkono huu umelamba kiganja kila siku ya maisha yangu ya kazi.

Siwezi kueleza ladha. Nilihisi mpaka nyuma ya masikio.

Halafu nikaelewa nilichofanya. Nikaangalia kushoto, kulia. Hakuna mtu. Mama Amoit alikuwa sokoni. Madereva walikuwa upande wa mbele. Hesabu ilikuwa rahisi: tone moja kwenye lita nane, shahidi hakuna, mgonjwa ndani ana siku ngapi bila chakula. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza.

"Kuku," sauti ikasema, dhaifu kuliko Jumatano. "Mwiko umegonga kiganja. Halafu kimya kifupi. Halafu mtu amepumua kama amebarikiwa. Mwenye jiko ameonja."

Aliona kwa masikio kupitia mabati.

Chungu kizima nimewapa madereva. Walikuwa saba kwenye benchi, wenye kelele, wanabishana juu ya mpira. Walipoanza kula kelele ikakatika. Watu wazima saba na hakuna neno. Mmoja wao, wa Eldoret, mwenye mdomo kuliko wote, alimaliza akakaa anaangalia sahani.

"Boss, hii umeificha wapi siku zote?"

Nikamwambia ale aende. Nilikuwa karibu kulia na sikutaka anione.

Jumapili, 12 Mei

Leo amekunywa maji vijiko vitatu. Mama Amoit anasema midomo imepasuka na hageuki tena kitandani mwenyewe. Nabwire amepiga simu, dada yake bado, barabara imekatika, hawezi kutoka. Aliuliza mama anakula. Nilisema anajaribu. Ni uongo.

Kama atakufa, atakufa kwa sababu ya ulimi wangu. Naona hivyo. Mama Amoit anasema nisijipe ukubwa.

Chungu kile hakifai tena. Mama Amoit amenipa chake, kipya, alichokuwa anakiweka kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Alikiweka tu karibu na mafiga. Ekisa alileta mifupa mwenyewe na hakucheka. Imetundikwa.

Jumatatu, 13 Mei

Nimefunga hoteli. Foleni ndefu kabisa barabarani na mimi nimefunga. Nimejifunga pia mdomo, kitambaa kikubwa, fundo nyuma ya kichwa, ili mkono ukitaka kwenda zake ukute mlango umefungwa.

Dereva akachungulia. "Mzee, korona imerudi?"

Nikaonyesha barabara kwa mwiko. Akaenda.

Nilianza kama Jumamosi. Kulipokuwa kumepambazuka vizuri nikasikia kitanda kikilia upande wa pili. Alikuwa anajisogeza. Alijisogeza mpaka ubavu wake ukagusa mabati, niliona yanabonyea. Akalala hapo, umbali wa mkono kutoka kwenye chungu, chuma katikati.

"Kuku." Pumzi. "Mwambie asikoroge. Anayeokota povu asichimbe."

Niliacha kukoroga.

Tukapika hivyo. Mimi macho, yeye masikio na pua. Alikuwa anasinzia katikati, nikifikiri amekwenda, kisha sauti inakuja. Kuku mwenyewe alikuwa ameenda zake zamani, alikuwa anakula makombo mbele ya hoteli. Hakuna aliyejali.

"Kuku, bado yanagonga. Nayasikia yanagonga ukuta kama vijiwe. Asiweke munyu mpaka yaache kugonga."

Niliinama. Kweli. Chini ya sauti ya maji kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, tik, tik. Nimepika maharagwe maelfu ya kilo na sijawahi kuisikia.

Baadaye: "Sasa munyu. Nusu ya ile ya Jumamosi. Jumamosi ilikuwa nyingi, harufu ilikuwa inauma."

Baadaye tena: "Atoe makaa mawili upande wa kulia. Chungu kinaongea upande mmoja."

Nikatoa mawili. Chungu kikaanza kuongea sawasawa. Nilikaa chini. Huyu mwanamke hajala kitu, hawezi kugeuza shingo, na anasikia kaa la moto upande wa kulia.

Chumvi ndiyo ilinitisha. Nilisimama na kijiko juu ya chungu, kitambaa kimenibana, jasho. Pua haisikii chumvi. Sikio halisikii chumvi. Nikasema, "Kuku, muulize mama chumvi kiasi gani." Nimemwita mama. Sijui imetoka wapi.

Kitanda kikalia tena.

"Mwambie atie kama ya watoto wake."

Faith yuko shule ya bweni. Nikifumba macho najua chumvi ya Faith. Nikaitia hiyo. Kijiko kimoja na kidogo.

Alasiri chungu kiliacha kuongea. Kilikuwa kinapumua tu, kiputo kimoja, kituo, kiputo kimoja. Yeye ndiye aliyesema, "Basi." Nikaondoa makaa, nikarudi nyuma, nikageukia barabara.

Mama Amoit alipakua. Nilisikia kila kitu kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kusikia kutwa. Bakuli. Mlango. Kitanda. Kijiko kimoja, halafu hakuna kitu kwa muda mrefu sana. Malori yalikuwa yananguruma na mimi nilitaka kuyanyamazisha yote mpaka Kampala.

Kijiko cha pili.

Cha tatu kilikuja haraka. Kisha nikasikia kitu nisichokitegemea. Alikuwa ananyonya mfupa. Ananyonya kwa nguvu, kama mtoto, bila aibu, sauti inapita mabati yote na kutoka barabarani. Mama Amoit alianza kucheka, na katikati ya kicheko chake kukawa na kicheko kingine, cha kukwaruza, kifupi.

Nilibaki nimesimama na kitambaa mdomoni. Nimeona lori likipinduka, nimeona mto ukila daraja. Sijawahi kuona nguvu kama hiyo, ya bibi mmoja na goti la ng'ombe.

Kisha akalia. Muda mrefu. Alimtaja mzee kwa jina. Nikaenda mbele ya hoteli, kwa sababu hilo halikuwa la masikio yangu.

Jumanne, 14 Mei

Amekula mara tatu. Chungu kimeisha. Mama Amoit alikikwangua kwa ugali na hajaniambia kilikuwaje, na mimi sijauliza.

Bado nina kinyongo cha lile hema la wakwe. Nilifikiri kingeisha. Kimepungua, hakijaisha. Nimeshangaa kwamba kinyongo hicho na furaha ya jana vinakaa ndani ya mtu mmoja na kuna nafasi.

Alhamisi, 16 Mei

Nabwire amepiga simu asubuhi. Dada yake amejifungua msichana, kilo tatu na robo, kwenye hema, salama. Maji yameanza kushuka. Msalaba umeonekana mpaka mabegani, na umesimama wima. Mama Amoit alimpelekea mama habari hiyo. Aliitikia kwa kichwa tu, anasema, na kuomba chai.

Hoteli imefunguliwa. Foleni ya kawaida. Mvua ndogo.

Nilipokuwa nawasha moto ungo ulitokea chini ya mabati, ukisukumwa polepole. Ulisukumwa kwa mkono wa plasta, maana mtu hampi mwingine kitu kwa mkono wa kushoto. Juu yake maharagwe yangu ya leo, gorogoro mbili, niliyokuwa nimeacha nje kwenye gunia. Ameyachambua kwa mkono mmoja, tangu kabla sijaamka.

Nikayapitisha vidoleni, mara mbili, nikitafuta kijiwe. Hakuna hata kimoja. Nikayatia kwenye sufuria, nikaweka moto mdogo.